Barua ya wazi: Lita zinazoingia mjini tumezisikia, zinazotoka je?

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi wa Halmashauri, wasimamizi wa huduma ya maji wilayani, na wakubwa wa Wizara ya Maji mnaopitisha michoro na fedha.

Kwanza pokeeni shukrani, na si za mdomoni. Sisi wakazi wa mji mdogo ulioshika barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida tumeishi na dumu kichwani na kwenye baiskeli kwa muda mrefu. Sasa tunaona vigingi vya wapimaji, mitaro inachimbwa, na kila mkutano wa hadhara tunasomewa idadi ya kaya zitakazovutiwa maji. Hakuna mwenye akili timamu atakayelalamika kuletewa maji katika ukanda ambao mvua ikijitahidi inafika milimita 600 kwa mwaka, tena zote zikiwa zimebanana kati ya Desemba na Aprili.

Ila katika mikutano hiyo yote nimesikia lita zitakazoingia mjini. Zitakazotoka sijasikia hata moja.

Mtu anayechota kwa ndoo hutumia lita 20 au 30 kwa siku. Akimaliza kufua humwaga uani, na jua linamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Mfungie mtu huyo huyo bomba la ndani, sinki na choo cha kuflashi, atafika lita 60 au 80 bila kujijua, na wahandisi huhesabu kwamba kiasi cha asilimia 80 ya maji hayo hutoka tena yakiwa machafu. Siku mtakayokata utepe wa mradi wa maji, mtakuwa mmezindua na mradi wa pili, wa majitaka, usio na mchoro, usio na mkandarasi wala fungu.

Dalili zake zipo tayari. Gesti za karibu na stendi, hoteli za barabarani, shule ya bweni, zote zinategemea makaro. Karo likijaa, gari la kunyonya huitwa kutoka mji mkubwa, na trip moja inakula bei ya mbuzi wawili au watatu, maana mwenye gari anahesabu mafuta ya kuja, ya kurudi, na mahali pa kwenda kumwaga. Wengi hawaliiti. Wanachimba shimo la pili pembeni, au wanangoja mvua kubwa ya Januari watapishe karo usiku, mafuriko yabebe. Asubuhi yake mbuzi wanakunywa korongoni kama kawaida. Sitaji nyumba ya mtu, mnazijua, na wengine tunapakana nazo ukuta kwa ukuta. Halafu kuna mabasi. Serikali imepiga vita kuchimba dawa njiani, ni jambo jema, lakini abiria aliyekatazwa kichakani anashukia stendi yetu, na choo cha stendi nacho kina shimo lenye mwisho.

Wenye miji ya pwani hupeleka uchafu wao baharini (nao wanakosea, lakini wana bahari). Huku kwetu maji hayana pa kukimbilia. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa na kuishia kwenye mbuga za Bahi, maji yanakauka hapo hapo na kuacha chumvi. Tunachokimwaga kinabaki nasi, juu ya ardhi au chini yake.

Na chini ndiko kunakonitia hofu zaidi. Visima vyetu virefu havichoti kwenye ziwa lililojificha, kama wengi wanavyodhani. Vinachota kwenye nyufa za mwamba wa graniti na kwenye tabaka la mwamba uliooza juu yake. Ufa hauchuji kama mchanga unavyochuja, kinachoingia upande mmoja kinaweza kutokea kisimani kikiwa na nguvu zake. Vijidudu mtaviua kwa klorini. Nitreti inayotoka vyooni haifi kwa klorini wala haiondoki kwa kuchemsha, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa sababu ya watoto wachanga wanaonyonyeshwa kwa chupa, ambao damu yao hushindwa kubeba hewa. Tena maji haya hayajazwi upya kila mwaka. Visima vya Makutupora, vinavyonywesha jiji la Dodoma, vina kumbukumbu za kina cha maji zinazorudi hadi miaka ya 1950. Watafiti waliozichapisha mwaka 2013 walionyesha kwamba maji hupanda kwa misimu michache tu ya mvua kubwa kupindukia, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Miaka ya katikati ni ya kutoa tu. Kisima kikishaingiwa na kinyesi huku kwetu, msitegemee masika yajayo yatakisuuza.

Kuhusu magonjwa sitasema mengi, bwana afya anayajua. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 uliugusa pia mkoa wa Dodoma, na hadi kufikia 2018 ulikuwa umewapata zaidi ya watu 30,000 nchini na kuua zaidi ya 500. Na jirani zetu wa Kongwa, ambako vikope vimechunguzwa tangu miaka ya 1980, wanaweza kuwaeleza habari ya nzi anayebeba ugonjwa huo wa macho. Nzi yule hazaliani ndani ya choo cha shimo. Huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi juu ya ardhi.

Sasa niseme tusichokitaka, maana najua ofisi zenu hutembelewa na wauzaji.

Tusiletewe mtambo wa kupuliza hewa. Nauona kwenye vipeperushi: matangi yanayong'aa, kontena la bluu, fundi mwenye kofia nyeupe akitabasamu. Unafanya kazi, sibishi, mahali penye umeme usiokatika, fundi wa kudumu na maabara. Hebu tupige hesabu kwa sehemu ya mji yenye watu 5,000, kila mmoja akitumia lita 60. Majitaka yake ni kama mita za ujazo 240 kwa siku. Mtambo wa namna hiyo hula karibu nusu uniti ya umeme kwa kila mita ya ujazo, na majitaka mazito kama yetu yatataka zaidi. Hizo ni uniti 120 kwa siku, 3,600 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban Sh 300 kwa uniti mnalipa zaidi ya Sh milioni 1 kila mwezi kwa kupuliza hewa peke yake, kabla hamjanunua beringi wala kumlipa mtu. Na siku luku ikiisha, wale vijidudu wanaokula uchafu huanza kufa kwa kukosa hewa siku hiyo hiyo. Chombo cha kusimamia maji kinachohangaika kulipia umeme wa pampu ya kisima kitalipia upepo wa majitaka?

Tusiletewe pia mabomba makubwa ya majitaka mji mzima. Bomba la majitaka huishi kwa maji mengi yanayosukuma uchafu mbele. Mtaa unaochota kioski lita 25 kwa mtu hauna maji hayo, kwa hiyo bomba litaziba mwezi wa kwanza na kugeuka karo refu lililolala chini ya barabara. Mabomba yawe ya katikati ya mji tu: stendi, soko, gesti, kituo cha afya, shule ya bweni. Tena yawe membamba, yanayobeba maji yaliyokwisha kutuama kwenye karo la kila mwenye nyumba, tope likibaki nyuma kungoja gari. Mitaa mingine yote ibaki na vyoo vyake, vilivyojengwa vizuri, na huduma ya kunyonya inayofika.

Tunachokihitaji ni mabwawa. Najua si kitu cha kupigia picha, lakini jua tunalo na ardhi bado tunayo. Na si teknolojia ya kubahatisha: Dodoma yenyewe ina mabwawa yake ya Swaswa, Moshi ina ya Mabogini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha na kutafiti mabwawa na matete ya kusafisha majitaka kwa miongo kadhaa. Maji huingia kwanza kwenye bwawa la kina cha mita 3 hadi 5, lisilo na hewa, ambamo uchafu mzito unazama na kuoza. Yanapita kwenye la pili, pana, la kina cha mita 1 na nusu, ambamo mwani wa kijani hutengeneza hewa kwa mwanga wa jua, bure, na vijidudu wakaendelea kula. Yanamalizia kwenye mabwawa ya kina kifupi ambamo jua na siku za kukaa huua vimelea, na mayai ya minyoo huzama.

Nimepiga hesabu ya watu wale wale 5,000 kwa kanuni za Profesa Duncan Mara wa Chuo Kikuu cha Leeds, ambazo wahandisi wenu wanazifahamu, nikichukua nyuzi 20 kuwa wastani wa mwezi wetu wa baridi. Kila mtu ana gramu 40 hivi za uchafu unaokula hewa kwa siku, jumla kilo 200. Bwawa la kwanza linahitaji mita za ujazo 670, nalo peke yake linaondoa asilimia 60 ya mzigo. La pili linahitaji mita za mraba 3,200 hivi. Ongeza mawili ya mwisho ya mita za mraba 1,000 kila moja. Uso wote wa maji haufiki uwanja mmoja wa mpira. Mkiliruka bwawa la kwanza kwa kuogopa harufu, kama wachoraji wengine wanavyopenda, la pili linapanda hadi karibu mita za mraba 8,000. Harufu tibuni kwa umbali, kwa kuliweka lisilopungua mita 500 kutoka kwenye nyumba, upande upepo unakokwenda. Kwetu upepo mwingi hutoka mashariki, basi mabwawa yakae magharibi.

Hapa naomba mnisome polepole, kwa kuwa hapa ndipo mabwawa ya nchi kame yanapoharibikia. Michoro huchorwa kwa idadi ya watu wa miaka 20 ijayo. Kwenye mji wenye mvua nyingi kosa lake ni dogo. Kwetu jua hunyonya kama milimita 6 kwa siku kutoka kwenye uso wa maji, yaani mita za ujazo 60 kwa kila hekta. Kwenye mabwawa niliyoyataja jua litachukua mita za ujazo 33 kati ya 240, hilo linavumilika. Sasa chukueni mabwawa ya watu 20,000, hekta 2 na kidogo za maji, mwaka wa kwanza ambao waliounganishwa ni watu 800 tu. Yanaingia mita za ujazo 38. Jua linaweza kunywa 130. Hakuna tone litakalotoka upande wa pili. Maji yatapungua, chumvi itakolea, na maji ya visima vingi vya ukanda huu tayari yana chumvi. Sakafu ya udongo wa mfinyanzi itaachwa kavu na kupasuka. Mwaka wa tano mtakapopata watu wa kutosha, mabwawa yatavuja kuelekea kwenye nyufa zile zile tunakochota maji ya kunywa, na mgeni atakayekuja kukagua ataandika kwamba teknolojia ya mabwawa haifai nchi kame.

Kwa hiyo jengeni kwa awamu. Nunueni ardhi ya miaka 20 leo, maana ardhi haitashuka bei, lakini chimbeni safu moja ya watu 2,000 au 2,500, ikijaa mchimbe ya pili sambamba nayo. Mfinyanzi mweusi wa mbugani upo wa kutandika sakafu. Udongo wetu mwekundu wa kichanga mkiuacha mtupu utavuja. Na sakafu ikishatandikwa isiachwe ikauke, ijazwe maji mara moja, hata ya mvua.

Damu ya machinjio isiingie humo. Ikingwe kwanza kwenye karo lake, ikaushwe, maana siku moja ya mnada inaweza kulemea bwawa zima.

Nije kwenye topekinyesi, ambalo ndilo kubwa kuliko mabomba, kwa sababu wengi wetu tutabaki na vyoo vya shimo na makaro. Mtu mmoja hujaza kama lita 40 za tope kwa mwaka. Mji wa watu 20,000 ni mita za ujazo 800, sawa na trip 160 za gari la lita 5,000. Trip tatu kwa wiki! Wekeni nyongeza kwa ajili ya makaro ya gesti, ambayo yana majimaji mengi, bado ni kazi ya gari moja. Gari hilo si lazima liwe letu peke yetu, miji miwili au mitatu iliyo kwenye barabara hii ingeweza kulimiliki pamoja na kupangiana siku. Kinachokosekana ni mahali pa kumwaga palipo karibu na halali. Gari lisimwage moja kwa moja kwenye bwawa la majitaka, tope la karo ni zito mara kumi na zaidi kuliko majitaka ya bomba, litalizima. Limwage kwenye vitanda vya mchanga na kokoto, maji yachujike kwenda bwawani, tope libaki juu. Kwa jua la Septemba la huku kwetu tope linakauka kwa wiki moja au mbili, jambo ambalo wenzetu wa nchi za mvua wanalitamani. Baada ya hapo lirundikwe, libaki zaidi ya mwaka mzima bila kuguswa ndipo liende shambani. Muda huo si wa mapambo. Mayai ya minyoo ya tumbo ndiyo magumu kuliko vyote, nayo hufa kwa ukavu na muda, hayafi kwa haraka zetu.

Kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, kuna pampu ya mkono inayoitwa gulper ambayo vijana Dar es Salaam wamekuwa wakiitumia kunyonya vyoo vya uswahilini. Wapeni vijana wetu leseni, glavu, buti na chanjo, badala ya kuwakimbiza na mgambo.

Sasa faida. Mabwawa ya watu 5,000 yatatoa kama mita za ujazo 200 kwa siku, kila siku, Oktoba kama Machi. Niambieni ni chanzo gani kingine katika wilaya hii kinachotoa maji yale yale Oktoba na Machi. Yanatosha kumwagilia hekta 3 hivi wakati wa kiangazi, ekari 7 na ushee. Mimi nisingeanza na mboga. Ningeanza na majani ya mifugo. Mwezi wa Oktoba ng'ombe hapa amebaki mbavu, anauzwa mnadani kwa bei ya aibu, na wenye ng'ombe wa maziwa mjini wananunua majani kwa kiroba. Majani ya Rhodes yanastahimili chumvi kiasi. Lusina ipandwe kingoni. Miti ya kuni ifuate.

Kuna mji mdogo kaskazini mwa Namibia, Outapi, wenye ukame kama wetu. Huko kuanzia mwaka 2013 majitaka ya baadhi ya mitaa yalisafishwa na kumwagilia mboga kwa mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Ujerumani, wenye mabomba ya kufyonza na taa za kuua vijidudu. Uliofuata ndio unaonivutia zaidi: walirudi kwenye mabwawa ya kawaida ya mji ule ule, wakayaongezea hatua ya kutangulia na kuta za kuyazungusha maji ndani yake, kisha wakayatumia kulima malisho ya mifugo. Mtaalamu wa wizara akitaka kusafiri kujifunza, aende huko kabla ya Ulaya. Windhoek, mji mkuu wa nchi hiyo hiyo, umekuwa ukirudisha majitaka yaliyosafishwa hadi kwenye maji ya kunywa tangu 1968. Sisi hatuombi hayo. Tunaomba majani ya ng'ombe.

Wapo watakaouliza kuhusu najisi, nao wana haki ya kuuliza. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba maji machafu yaliyosafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya uchafu vimeondoka hurudi kuwa tohara. Ni fatwa ya kujadiliwa na masheikh wetu kabla mradi haujaanza, kwenye mkutano wa wazi, si baada ya uvumi kushika sokoni kwamba nyama ya mji fulani haifai. Kwa upande wa afya, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 inataka lisipite yai moja la mnyoo kwa lita ya maji ya kumwagilia, na inahesabu kila kizuizi: siku za maji kukaa bwawani, mifereji badala ya kunyunyizia juu ya majani, siku kadhaa za kuacha kumwagilia kabla ya kuvuna, buti za mfanyakazi, uzio wa kuwazuia watoto wasiogelee wakapata kichocho. Kitu cha kuliwa kibichi, cha kachumbari, kisilimwe hapo. Kataeni kwa sheria ndogo ya halmashauri na msimamie, kwa sababu mtu akiona maji ya bure Oktoba atalima nyanya.

Kuna na faida ya kisheria ambayo mnaweza kuifurahia. Viwango vya nchi vinataka majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD (kipimo cha ule uchafu unaokula hewa) kwa lita, na bwawa lenye mwani mwingi linaweza kupata shida kufika hapo. Maji yakiishia shambani badala ya korongoni, mmepunguza mgogoro huo kwa kiasi kikubwa. Kibali bado mtahitaji.

Na vibali ndiyo hadithi nyingine. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 imeyaweka maji na usafi wa mazingira katika sheria moja. Vyoo na afya ya jamii viko chini ya halmashauri kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Kutiririsha majitaka ni kwa kibali cha bodi ya maji ya bonde. Tathmini ya mazingira iko kwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kila meza ina sababu ya kuwepo. Mwananchi anayetaka kujua lini karo la stendi litanyonywa hahitaji kuzijua meza zote nne. Anahitaji jina moja na namba moja ya simu iliyobandikwa ukutani. Naomba mkae mlitoe hilo jina.

Uendeshaji usiwatishe. Mabwawa yanahitaji watu wawili wenye kwanja, reki, toroli na mshahara unaofika kwa wakati: kufyeka majani ya kingo ili mbu wasizaliane, kuondoa utando unaoelea, kuzibua mdomo wa bomba. Kila baada ya miaka 2 hadi 5 tope la bwawa la kwanza lazima litolewe, na hapo ndipo mabwawa mengi hufia, kwa sababu fungu lake huwa halikuwekwa na aliyelijenga ameshahamishwa. Anzeni kulitenga mwaka wa kwanza. Burkina Faso, nchi ya Sahel isiyotuzidi utajiri, shirika lake la maji la ONEA limekuwa likikata tozo ndogo ya usafi ndani ya bili ya maji kwa miaka mingi na kuitumia kwa vyoo na majitaka. Mimi mlipa bili nitaipokea tozo ya namna hiyo kwa sharti moja, kwamba iwe na akaunti yake na hesabu zake zibandikwe pale pale penye jina na namba ya simu. Ikitumbukizwa kwenye mfuko mkuu, msinihesabu.

Ardhi ndiyo isiyosubiri. Wapimaji wa viwanja wako kazini upande wa magharibi wa mji sasa hivi, na viwanja vikishauzwa hamtavirudisha bila fidia na kesi. Wanaoyajua mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, wameona makazi yalivyoyafuata hadi kingoni. Tengeni eneo hilo kwenye ramani ya mipango miji, liwekewe alama, na ukanda wa mita 500 usiuzwe hata kwa mtumishi mwenzenu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti ya halmashauri hupita kwenye Baraza mwanzoni mwa mwaka. Vikao vya Baraza ni vya wazi na viti vya wananchi huwa vitupu, kwa hiyo nafasi ya kukaa nitapata. Swali langu nitalipeleka mapema kwa maandishi kupitia kwa mtendaji wa kata, ili asiwepo wa kusema ameshtukizwa: zimetengwa ekari ngapi za majitaka, ziko wapi kwenye ramani, na kwenye kitabu cha bajeti mshahara wa wale watu wawili wenye kwanja umeandikwa ukurasa wa ngapi?

Wenu,
Mkazi na mlipa bili wa maji